Kaidi na Maumivu Yanayokimbia

Wifi yangu anapiga pasi ameketi. Nalisema mapema, maana ndilo la kwanza watu wanalolisema juu yake, tena kwa kubinua midomo. Dobi gani huyo wa kukaa kitako? Dobi husimama, huinama, huegemea pasi kwa uzito wa mwili mzima mpaka kola ilale. Wifi yangu ana kiti kirefu cha mbao chenye pahali pa kuwekea miguu, kakichonga mume wangu mwenyewe, ambaye ni seremala, na juu ya kiti hicho anaketi kama jaji na kunyoosha mashati ya nusu ya mtaa. Asiyependa apeleke nguo zake kwa dobi anayesimama. Wapo waliokwenda. Wengi wao walirudi, na mikunjo yao.

Tunamwita Kaidi. Jina hilo alipewa na Shangazi, dada wa baba yao, aliyewalea yeye na mume wangu baada ya mama yao kufariki. Alipewa kama tusi, naye akalipenda, akalibandika mlangoni: KAIDI DOBI. Mimi ni msusi, nasuka watu barazani kwangu, nyumba mbili kutoka dukani kwake, na mdomo wangu hauna breki. Kwa hiyo mkiniona nampigia debe msishangae. Najua mawifi hawatakiwi kupendana. Hata sisi tulianza vizuri tu, kwa kununiana, mpaka siku aliponikuta namfokea mteja aliyesema kichwa chake nimekisuka upande. Akasimama kusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu kaka yangu kaoa mtu." Tangu hapo tukawa kitu kimoja.

Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba. Meza ndefu imevikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake. Pasi mbili, moja ya umeme na moja ya mkaa kwa siku umeme unapokatika. Ndoo ya wanga, chupa ya kunyunyizia maji, kamba iliyojaa suruali za watu. Kuna joto humo ndani, na harufu ya pamba iliyotoka kuchomwa na pasi. Siku hizo Kaidi alikuwa hajawahi kuunguza nguo ya mtu, na jambo hilo alipenda sana kulisema.

Anaketi kwa sababu ya moyo.

Alipokuwa msichana mdogo koo lilimuuma. Nani analizingatia koo la mtoto? Alisukutua maji ya chumvi, likapoa, watu wakasahau. Wiki chache baadaye homa ikampanda, na goti likavimba, likawa la moto, hata shuka likiligusa analia. Shangazi ni mkandaji, tena si mkandaji wa kubahatisha. Wazazi waliotoka kujifungua, wapiga mpira walioteguka, wazee wa migongo, wote wamepita mikononi mwake. Akamfunga goti kwa vitambaa vya moto, akamkanda kwa mafuta ya majani anayoyachemsha mwenyewe, na goti likapona. Kisha kifundo cha mguu wa pili kikavimba.

Mtu mwingine angeogopa. Shangazi alifurahi. Kwa watu wa kazi yake, maumivu yanayohama ni maumivu yaliyoshindwa. Yameuonja mkono, yanatafuta pa kujificha. Kazi ya mkandaji ni kuyafuata kiungo kwa kiungo, asiyape nafasi ya kupumua, mpaka yakose makazi na kutoka. Akayafuata. Yakatoka kwenye kifundo yakaenda kwenye kiwiko, yakatoka kwenye kiwiko yakaenda kwenye kiganja, na hatimaye mtoto akaamka asubuhi moja haumwi popote. Mtaa mzima ulimsifu Shangazi. Hadithi hiyo niliikuta nilipoolewa, na kila tulipokusanyika familia lazima aisimulie, kwa mikono na macho: "Nikaukimbiza ugonjwa! Ukaona hapa moto, ukaruka huku! Nikaukimbiza mpaka ukasalimu amri!"

Kaidi alikuwa akiisikiliza na kucheka kama sisi wote. Mpaka alipokuwa mtu mzima, ana duka lake, akaanza kuhema kwa kubeba beseni la nguo. Kwanza beseni, kisha ndoo, kisha hata kupanda ngazi ya mlangoni. Siku moja alianguka juu ya rundo la mashuka ya watu, na akapelekwa hospitali kubwa ambako daktari alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. Akamuuliza: ulipokuwa mtoto uliwahi kuumwa koo, halafu viungo vikavimba kwa kupokezana?

Aliporudi alitueleza kwa maneno yake, na mimi tangu siku hiyo sijasikia aliyeeleza vizuri kumshinda. "Inaitwa homa ya baridi yabisi, na wala haina uhusiano na baridi. Vijidudu vilikuwa kooni. Mwili ukaamka kupigana navyo, ukapigana kweli kweli, halafu ukashindwa kuacha. Ukaanza kujipiga wenyewe. Ukavipiga viungo, ukaupiga na moyo. Viungo husamehe, ndiyo maana vilipona. Moyo haukusamehe. Una milango ya kupitisha damu, na mmoja wa kwangu umekakamaa kama kola iliyotiwa wanga mara mbili."

Shangazi alikuwepo. Alikaa mkao wa mtu aliyemwagiwa maji. "Nilikuponya," akasema.

"Yalihama kwa sababu ndiyo tabia yake, Shangazi. Hata ningekandwa na mlango yangehama."

Loo! Siku ile nilidhani paa litaruka. Shangazi akasema amelea nyoka. Kaidi akasema nyoka ana moyo mbovu, amtazame vizuri. Mume wangu, mtu mzima mwenye misumari mdomoni na nyundo mkononi kutwa nzima, akalia. Baada ya hapo waliendelea kusalimiana, Kaidi akampelekea Shangazi sabuni na sukari kama kawaida, akamfulia na kumnyooshea kanga bila kumtoza. Lakini kumgusa, ng'o. Shangazi akinyoosha mkono kumshika bega, Kaidi anakumbuka ana kitu cha kufanya upande wa pili wa chumba.

Halafu watu wakaja na ushauri. Mnajua watu. Funga duka, kaa ndani, wewe sasa ni mgonjwa. Mjomba mmoja akasema auze meza. "Thubutu!" Kaidi akasema. "Moyo ndio umechoka, mikono haijachoka. Na mimi sijachoka." Akamwambia mume wangu amtengenezee kiti kirefu. Akaanza kuketi, akipumzika kila anapomaliza rundo, mwenye haraka asubiri. Akaanza sindano yake ya penisilini ya kila mwezi, maana daktari alimwambia koo lingine la vijidudu vile likimpata, ule mlango wa moyo utazidi kuharibika. Hajawahi kukosa.

Na msifikiri alimwogopa daktari. Hapana. Siku ya kwanza daktari alimwambia, "Na hayo madawa ya kienyeji yote uyaache." Kaidi akamjibu, "Yote yapi? Hujaniuliza ninatumia nini." Kliniki iliyofuata alikwenda na kikapu. Nilimsindikiza, ndiyo maana najua. Akakiweka mezani kwa daktari, akaanza kutoa kimoja kimoja kama anapanga biashara sokoni. Kitambaa cha moto kwa viungo? Daktari akakuna kidevu, akasema hicho ni ruhusa, mradi kisimchome. Kupakwa mafuta taratibu? Ruhusa, ila kiungo kilichovimba kisisuguliwe kwa nguvu. Tangawizi kwenye chai? Kidogo, kama kiungo cha chakula, sawa. Kulala mchana? Daktari akasema hilo angemwandikia kabisa. Kupunguza chumvi, vizuri sana. Kupiga mswaki asubuhi na usiku, vizuri zaidi, maana uchafu wa meno unaweza kuingia kwenye damu na kwenda kuushambulia moyo wenye kovu. Kisha ikatoka chupa ya mizizi ya kuchemsha, nyeusi tii, ambayo jirani aliapa kwamba inasafisha damu. Daktari akainusa, akaifunga. "Hii sijui ina nini ndani, na wewe unameza vidonge vya moyo. Vikigombana humo tumboni, sitajua nianzie wapi. Hii hapana."

"Sasa tumeongea," Kaidi akasema, akaiacha chupa hapo hapo. Na njiani akaniambia, "Si vibaya vitu vya Shangazi. Ubaya ni kuviweka kwenye kiti cha sindano."

Sasa nije kwa binti yangu, maana ndiye aliyenifanya nikae niyaandike haya.

Binti yangu tunamwita Kiroboto. Hatulii. Hajawahi kutoka chumba kimoja kwenda kingine kwa kutembea, anaruka. Siku hizo nilikuwa na bibi harusi wa kumsuka, yeye na ndugu zake wote, ikabidi nilale huko huko kwao siku kadhaa, upande wa pili wa mji. Nilipoondoka Kiroboto alikuwa mzima. Koo lilikuwa limemuuma kabla ya hapo, nikampeleka duka la dawa, wakanipa vidonge vya kunyonya, likapoa. Basi nikaondoka na roho yangu safi.

Niliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Mama yeyote mwenye mtoto anayeruka anajua kimya kama hicho kinavyotisha. Nikaingia. Kiroboto amelala kwenye kochi, uso umemvimba kwa kulia, macho yanang'aa kwa homa. Shangazi amepiga magoti pembeni yake na bakuli la mafuta, na mume wangu amesimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Usitie shaka, mkwe," Shangazi akasema, anatabasamu, jasho linamtoka. "Lilikuwa goti. Nikaliwahi. Likahamia mguuni, nikalifuata. Sasa limekimbilia kwenye kiganja. Limebakiza kidogo tu."

Sikuvua hata viatu. Niligeuka nikatoka nikakimbia nyumba mbili zile, nikaingia kwa Kaidi bila hodi. Alikuwa juu ya kiti chake, shati jeupe la mwalimu mezani, pasi mkononi.

"Kiroboto," nikasema. "Goti, kisha mguu, sasa kiganja. Shangazi anayakimbiza."

Kaidi aliiweka pasi chini. Aliiweka juu ya shati. Akashuka kwenye kiti, akanishika mkono, tukatoka, na nyuma yetu shati la mwalimu likaanza kutoa moshi. Mteja aliyekuwa akisubiri ndiye aliyeichomoa ile pasi. Mimi hilo nilielezwa baadaye, kwa sababu wakati ule nilikuwa nasikiliza pumzi ya wifi yangu tu, jinsi ilivyokuwa ikikatika, na yeye asikubali kupunguza mwendo.

Aliingia sebuleni kwangu akashika fremu ya mlango mpaka akapata hewa ya kusemea. Kisha akasema, "Shangazi, mwache mtoto."

"Kaidi, usianze. Limebaki kidogo."

"Limebaki kidogo liende wapi?"

"Litoke!"

"Litoke liende wapi, Shangazi? Nieleze. Uliponikanda mimi likatoka kwenye kiganja, lilikwenda wapi?"

Mume wangu akafungua mdomo. "Dada, huyu ndiye aliyetulea, tuongee kwa—"

"Kaka, ukimaliza sentensi hiyo nitakutoboa kwa msumari wako mwenyewe. Ametulea, ndiyo. Kwani nimesema hakutulea? Chukua shuka, mfunike mtoto, tunakwenda hospitali."

Shangazi akasimama. Ni mwanamke mrefu, na alipojinyoosha chumba kilikuwa kidogo. "Hakuna anayekwenda popote. Mnataka mtoto wa watu achomwe sindano kila mwezi mpaka azeeke? Mumfanye kiwete wa hospitali? Mikono hii haijawahi kumdhuru mtu. Mtu mmoja tu duniani ananisingizia, na ndiye niliyemlisha!"

Nilikuwa tayari kumpa za uso, wallahi nilikuwa nimeshavuta pumzi. Kaidi akaninyamazisha kwa kidole. Akavuka chumba. Yule ambaye miaka yote alikuwa akiukwepa ule mkono, akaushika, bado unateleza mafuta, akaupeleka kifuani kwake mwenyewe, chini ya titi la kushoto, akaubana hapo.

"Wewe mikono yako inajua," akasema. "Hakuna anayebisha. Inajua mfupa uliokaa vibaya kabla mtu hajasema. Basi sikiliza. Nimekuuliza lilikwenda wapi. Liko hapa."

Kaidi alikuwa ametoka kukimbia na moyo ulikuwa unamwenda mbio. Sijui Shangazi alisikia nini. Mimi nimewahi kuweka mkono wangu pale, kwa ruhusa yake, na ninachoweza kusema ni kwamba si mapigo tu. Kuna mtetemo, kama wa paka anayekoroma, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na paka. Shangazi alisimama hivyo muda mrefu. Uso wake haukubadilika. Ila vidole vilianza kusogea kidogo kidogo, kushoto, chini, juu tena, kama vinavyosogea vinapotafuta mahali penye maumivu. Vikapapata. Vikasimama.

"Tangu lini?" akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Tangu uliposema limesalimu amri."

Kiroboto akalia kwa sababu ya kiganja. Na mume wangu, Mungu ambariki, hakungoja kuambiwa tena. Alimbeba mtoto na shuka lake na kutoka naye.

Hospitali nako hakukuwa mteremko. Kijana wa mapokezi alitutazama akasema ni homa tu, foleni ya leo imeisha, turudi kesho. Kaidi akavuta kiti, akaketi mbele ya dirisha lake, akaweka mkoba mapajani. "Mimi kazi yangu ni kuketi," akamwambia. "Naketi kutwa, na silipwi kuondoka. Mwite daktari, au uniletee mto." Daktari aliitwa.

Walimtoa damu, wakamchunguza koo, wakampima moyo kwa ile mashine yenye kioo. Nilisimama pembeni naangalia vitu vyeusi na vyeupe vikifunguka na kujifunga, na sikuwa naomba kitu kingine chochote duniani. Sikuomba apone goti. Niliomba kile kimlango kifunge vizuri. Kaidi alikuwa ameketi ukutani, ananitazama mimi, si kioo, kama vile kioo keshakijua.

Daktari akasema moyo umeguswa. Nikashika kitanda. Akasema umeguswa kidogo, mlango unavuja kidogo, haujakakamaa, na tumewahi. Atapewa dawa, atalala, hatakimbia mpaka aruhusiwe. Kisha sindano kila mwezi, mpaka awe mtu mzima, pengine zaidi. Asipokosa, na koo lile lisipomrudia, mlango huo unaweza kupona kabisa. Akikosa, akaanza kueleza, na Kaidi akamkatiza. "Akikosa atakuwa kama mimi. Anajua. Amenitazama tangu azaliwe."

Basi mtaa ukapata la kusema. Nimesuka wanawake waliokuwa wakinong'ona chini ya mikono yangu kwamba sindano zitamwozesha mtoto mfupa, kwamba atakuwa tasa, kwamba nimemkosea adabu mama mkwe. Nilikuwa nawavuta nywele kidogo zaidi ya inavyohitajika. Mmoja alipiga kelele, nikamwambia pole, mkono umeteleza. Mwingine akaniuliza usoni kama sioni haya kumkabidhi mtoto wangu kwa mgonjwa. Huyo nilimwambia ainuke na kichwa chake nusu, akamalizie kwingine. Aliondoka hivyo hivyo, upande mmoja umesukwa, upande mmoja umesimama, na mtaa mzima ulimwona.

Shangazi hakuja kwetu kwa muda. Wateja wake tuliwasikia wakisema amekuwa mtu wa ajabu, akiletewa mtoto mwenye kiungo kinachouma na homa, anauliza kwanza kama koo liliuma, na akiambiwa ndiyo anakunja mkeka. "Mpeleke hospitali, ukirudi nitampashia vitambaa." Wengine walichukia. Yeye akasema anayechukia akajikande.

Sindano ya kwanza ya Kiroboto sitaki hata kuikumbuka. Dawa ile ni nzito, inaingia pole pole kwenye nyama ya kalio, na mtoto alipiga ukelele uliowainua watu kwenye mabenchi. Akashinda anachechemea. Siku ya sindano ya pili ilipofika, hakuonekana. Tulimtafuta nyumba nzima, tukamkuta karakana kwa baba yake, amejibana chini ya meza ya useremala kwenye takataka za randa, ameshika mguu wa meza kwa mikono miwili.

"Siendi!" akasema. "Kufa, nife."

Nikainama kumbembeleza. Mume wangu akainama. Kaidi alifika, naye siku hiyo ni siku yake ya sindano, tulikuwa tumeziweka pamoja makusudi. Hakuinama, kuinama kunamchosha. Akasema kutokea juu, "Kiroboto, nani kakuambia unakwenda kuchomwa? Unakwenda kunishika mkono. Nachomwa mimi kwanza. Nikilia, sote tunarudi nyumbani."

Kisha sauti chini ya meza: "Ukilia hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mtoto akatoka, na maranda kichwani. Tulipofika mlangoni pa zahanati, Shangazi alikuwa amesimama hapo. Amevaa kanga yake ya kutokea, ile ambayo Kaidi huinyoosha. Mkononi alikuwa na furushi la blanketi, na ndani yake kitambaa cha moto kinachofuka. Harufu niliijua: alikuwa amepita dukani kwa Kaidi, amekipasha kwa pasi juu ya meza yake. Hakutusalimia. Alimtazama Kaidi.

"Najua kukanda kumekwisha," akasema. "Nimekuja na joto tu. Nimeambiwa joto ni ruhusa."

Kaidi akaingia. Muuguzi akamlaza ubavu, Kiroboto akamshika mkono, na mimi nikashika mkono wa pili wa Kiroboto. Sindano ikaingia. Niliuona uso wa wifi yangu. Taya lilikaza, mshipa ukasimama shingoni, jicho moja likajaa maji. Hayakudondoka. Aliyazuia hapo hapo kwenye kope kwa ukaidi mtupu, huku Kiroboto akimchunguza kwa karibu kama askari.

Muuguzi alipochomoa, Shangazi akasogea. Muuguzi akamwambia, "Mama, uweke tu. Usisugue." Shangazi akaitikia kwa kichwa, lakini hakuweka. Alikuwa anangoja. Mkandaji aliyeingia katika kila nyumba bila kuuliza alisimama na kitambaa chake hewani, anangoja ruhusa ya mtoto aliyemlea.

Kaidi akageuza shingo akamtazama.

"Weka, Shangazi," akasema. "Dawa imeshaingia."

Shangazi akakiweka kitambaa, akatuliza viganja vyake juu yake, visisogee hata kidogo. Na Kiroboto akaniachia mkono, akapanda kitanda cha pili mwenyewe.